Tangu Atoke Wodini, Mwanangu Si Yule Niliyempeleka

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni, upande wa Bakarani. Jioni nakaanga viazi karai na bajia nje ya nyumba. Mume wangu ni dereva wa lori la kontena; akishapakia bandarini kuelekea Malaba, huenda tusimwone wiki mbili. Naishi na mavyaa wangu, ambaye hajanikosea lolote. Nasema hivi mapema nisije nikaeleweka vibaya huko mbele.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 7, yuko Gredi ya 2. Miezi mitatu iliyopita alipatwa na homa, akalia kichwa, akawa hataki hata taa iwashwe. Usiku wa pili shingo ikakakamaa na degedege likamshika. Tulimkimbiza hospitali kwa tuktuk saa nane za usiku. Wakamtoa maji ya mgongoni, wakasema ni homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na bakteria. Alilazwa siku 13, dripu mkononi na sindano za mshipa asubuhi na jioni. Siku mbili za mwanzo hakunijua. Namshukuru Mungu, alipona. Siku ya kuruhusiwa daktari aliniambia, "Mama, mtoto wako ni mzima, nenda ukashukuru."

Bi Mshauri, mtoto niliyerudi naye si yule niliyempeleka.

Kukojoa kitandani aliacha akiwa na miaka 3; sasa ni kila usiku. Hulala akishtuka, hupiga kelele akiuvuta mkono wake kama aliyeshikwa na mtu. Mchana haniachi hata niende msalani. Hukaa mlangoni akigonga. Nikipiga deki kwa dawa yenye harufu kama ya wodini, anatapika. Mdogo wake ana miezi 9. Mara tatu nimemkuta amemshika mkono anamchoma kwa kalamu, anamwambia, "Nyamaza, haiumi." Mara ya tatu nilimpiga. Kisha nikaenda kulia jikoni.

Mwalimu asema yuko darasani lakini hayuko. Akiulizwa humtazama tu, au hujibu jambo jingine kabisa. Chuoni kwenye Qur'ani ustadhi amemhamishia nyuma kwa sababu hafuatishi wenzake. Nyumbani namwita mara tatu, mara nne, haitiki mpaka nimfuate. Lakini katuni zikianza huweka sauti mpaka jirani analalamika. Siku hizi hata kuzungumza anazungumza kwa kelele, na akishuka ngazi hushika ukuta kama mzee. Wenzake mtaani hawachezi naye, wasema atawaambukiza. Kuna mmoja humwita "kichwa maji".

Mume wangu asema nimemdekeza, dawa yake ni fimbo. Mavyaa asema, "Huyu ana nyuni, yuwataka kutengezwa," yaani ana pepo wa degedege atibiwe kienyeji, na kuna mtu amjuaye ng'ambo ya Likoni. Mimi ningesema ni woga tu utapita, lakini binamu yangu alinitumia sauti kwenye WhatsApp. Mtu asema watafiti wa Ulaya wamegundua kwamba watoto waliolazwa kwa maambukizi, asilimia 84 huharibika akili. Tangu siku hiyo silali.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku moja kabla ya homa alitoroka na wenzake kwenda kuogelea baharini, Pirates. Alirudi magharibi, nami nimeuzunguka mtaa mzima nikimtafuta. Nilimzaba kofi, nikamwambia, "Wewe! Mungu atakuonyesha." Na kule wodini, usiku wa nne, nilimwambia naenda kumletea uji narudi sasa hivi. Nikaenda nyumbani kumnyonyesha mdogo, nikapitiwa na usingizi mpaka asubuhi. Wifi yangu ndiye aliyebaki naye. Usiku huo sindano ya mkononi ilichomoka, wakamshika watu wanne wamtie nyingine. Na kila siku mimi nilikuwa nikimwambia, "Leo hudungwi," ili anyamaze tu. Kisha anadungwa.

Je, mwanangu anaingia wazimu? Nimpeleke kwa nani?

Mama wa Bakarani

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nitakujibu habari ya akili, ya nyuni na ya fimbo, lakini kwanza nataka twende kwenye masikio.

Hebu rudi usome ulichoandika kwa mkono wako. Hakuitiki mpaka umfuate. Runinga huiweka juu. Huzungumza kwa kelele. Darasani hujibu swali ambalo hakuulizwa. Chuoni, ambako mafunzo ni kusikia na kufuatisha, ameshindwa kufuatisha, na sasa amepelekwa nyuma, mbali zaidi na sauti ya ustadhi. Haya umeyaandika pamoja na kukojoa na kupiga kelele usiku kana kwamba yote ni tabia. Mimi nikiyatenga naona mtoto ambaye huenda hasikii vizuri.

Homa ya uti wa mgongo ya bakteria ina desturi hiyo. Uvimbe unaotokea kwenye utando unaofunika ubongo huweza kuingia hadi sikio la ndani na kuua chembe za kusikia, sikio moja au yote mawili. Katika madhara ya kudumu ya ugonjwa huu, kupungua kwa usikivu ni miongoni mwa yanayotokea mara nyingi zaidi. Na pale pale penye kusikia ndipo kilipo kiungo kinachotuwezesha kusimama bila kuyumba. Ulipoandika kwamba anashika ukuta kwenye ngazi kama mzee, niliweka barua chini nikakaa kimya kidogo.

Mtoto aliyeugua ugonjwa huu anatakiwa kupimwa masikio kabla ya kutoka hospitali au ndani ya wiki nne hivi baada ya kutoka. Wewe hukuambiwa, na hilo si kosa lako. Sasa ni mwezi wa tatu, kwa hiyo usingoje likizo ya shule wala baba yake arudi kutoka Malaba. Haraka yangu ina sababu. Kama usikivu umepungua sana, sikio la ndani baada ya homa hii huweza kuanza kugeuka mfupa, na hapo hata misaada mikubwa ya upasuaji inakuwa migumu. Kama umepungua kiasi, kifaa cha kuvaa sikioni na kiti cha mbele darasani huenda vikakurudishia nusu ya mtoto unayemtafuta. Na kama masikio ni mazima, tutakuwa tumeondoa shaka moja kubwa. Chukua karatasi yake ya kuruhusiwa, uende kliniki ya masikio, pua na koo. Hospitali ya rufaa ya Coast General inayo. Usiseme, "Mtoto ni mtundu." Sema, "Mwanangu aliugua homa ya uti wa mgongo, naomba apimwe usikivu." Maneno hayo hufungua milango. Ukizungushwa, vituo vya tathmini vya watoto vya idara ya elimu, vile viitwavyo EARC, navyo husaidia watoto wa namna hii.

Na mpaka kipimo kipatikane, mtu yeyote asimpige mtoto huyu kofi la sikio. Yeyote.

Sasa ile sauti ya WhatsApp. Utafiti upo kweli. Ulifanyika Denmark, ukachapishwa mwishoni mwa 2018. Walifuatilia kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni moja waliozaliwa kati ya 1995 na 2012, na hiyo 84 imo ndani. Lakini aliyeisoma hakuielewa, au hakutaka wewe uielewe. Katika watoto wote hao, waliofika hospitali kwa tatizo lolote la akili walikuwa kama 4 katika kila 100. Kuongezeka kwa asilimia 84 maana yake ni kwamba uwezekano ule mdogo ulikaribia maradufu kwa waliowahi kulazwa kwa maambukizi. Chukua mfano: palipokuwa na watoto 3 katika 100, pakawa na 5 au 6. Wale wengine 94 wako shuleni, wanapigana na ndugu zao na kukataa kula mboga. Halafu watafiti walipowalinganisha watoto hao na ndugu zao wa tumbo moja, tofauti ikapungua, dalili kwamba sehemu ya jambo hili inatokana na familia na maisha ya nyumbani, si ugonjwa peke yake.

Kuna kitu kimoja katika utafiti huo ambacho binamu yako hakukutumia, nami nataka ukishike: uwezekano ulikuwa mkubwa zaidi muda mfupi baada ya maambukizi. Kwa mama hiyo ni habari ya kutumia. Miezi hii ndiyo ya kumtazama mtoto kwa karibu. Wala huna haja ya kwenda hadi Ulaya kulijua hilo. Hapa Kilifi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na shirika la Uingereza la Wellcome Trust wako tangu 1989, na wameonyesha kwamba katika watoto walionusurika malaria ya ubongo wapo wanaobaki na kifafa, au wakapata taabu ya lugha na kumbukumbu. Aliyekwambia "nenda ukashukuru" alisema kweli, ila alipaswa kuongeza, "kisha umrudishe tumwangalie."

Kwa hiyo: mwanao haingii wazimu kwa haya uliyoyaandika. Ukimwona akikodoa macho na kupotea kwa sekunde kadhaa kisha akarudi, au degedege likamrudia, au kichwa kimuume huku anatapika, au homa na usingizi usio wa kawaida, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Mengine ni woga, na woga wake una sababu.

Nitakwambia jambo kunihusu. Kabla ya kuanza kujibu barua nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na nimewahi kuwa mmoja wa wale watu wanne. Nimeshika miguu ya watoto. Ilibidi, dawa ile isipoingia mtoto anakufa. Lakini mtoto wa miaka 7 hajui habari ya dawa kuingia. Anachojua ni kwamba ameamka mahali asipopajua, mama hayupo, watu wakubwa wamemlalia, na mama aliyesema "leo hudungwi" na "narudi sasa hivi" alisema uongo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwako ung'ongo ni harufu ya dawa ya deki na mlango wa msalani unaofungwa.

Sikuandikii haya ili nikuongezee mzigo. Ulikuwa na mtoto wa miezi 6 nyumbani mwenye njaa, maziwa yamekujaa, na hujalala siku nne. Ningekuwa mimi ndiye muuguzi wa zamu usiku huo ningekutuma nyumbani mwenyewe. Lakini kwa kuwa uongo ule ulitoka kwetu watu wazima, wenye kuurekebisha ni sisi.

Na hapo ndipo ilipo sentensi niliyoisoma zaidi katika barua yako, ile uliyosema hujamwambia mtu. Mtoto ametoroka, ameogelea Pirates, mama amesema Mungu atakuonyesha, na kesho yake kichwa kinapasuka. Watoto wa umri huo, na si wako peke yake, huamini kwamba ugonjwa ni adhabu. Hawasemi. Wanabaki nayo kifuani. Wako alipata na ushahidi: mama alisema, na ikawa. Huenda kila usiku anapolala anangoja sehemu ya pili ya adhabu.

Kaa naye siku moja nyumba ikiwa kimya, runinga imezimwa, auone uso wako kwa sababu ya masikio. Mweleze kwa lugha yake. Mwambie kuna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, huishi puani na kooni mwa watu, na mara nyingi havidhuru. Mara moja moja hupenya vikaingia kwenye damu na kufika kwenye ngozi inayofunika ubongo, na vyako vilifika huko. Havikutoka baharini. Havikuletwa na kutoroka. Mwambie, "Niliposema Mungu atakuonyesha nilikuwa na hofu kwamba nimekupoteza. Nilikosea kusema vile. Mungu hakukuadhibu." Kisha mweleze habari ya usiku wa nne, kwamba ulisema unarudi sasa hivi na hukurudi, na kwa nini. Mwombe radhi. Najua kwetu si desturi mzazi kumwomba mwana radhi. Fanya. Kutoroka kwake utalizungumza siku nyingine, si siku hiyo.

Anaweza asijibu kitu. Anaweza kuuliza kuna mahamri. Usimlazimishe. Atarudi nalo baada ya siku tatu, unapokaanga viazi na una watu wamepanga foleni.

Ile kalamu usiipige fimbo. Mdogo aondolewe asiumizwe, hilo halina mjadala, na asiachwe peke yake naye kwa sasa. Lakini sikiliza anachosema anapochoma: "Nyamaza, haiumi." Ni maneno aliyoambiwa yeye. Anajaribu kuwa yule anayeshika badala ya kuwa anayeshikwa. Mpe mahali pa kulifanyia: mwanasesere, au mto uliofungwa leso, bomba la sindano lisilo na sindano utaliomba kliniki ya mdogo wake, kitambaa cha bandeji. Ukae uwe mgonjwa. Akikudunga, lia kidogo, sema, "Inauma, lakini itaisha." Utashangaa atakavyokufariji. Akitaka kurudia mara 20, mwache. Mchezo huo ukiwa kila siku ni ule ule, wiki baada ya wiki, naye anatoka kwenye mchezo akiwa na hofu zaidi kuliko alivyoingia, hilo lizungumze na mtaalamu.

Kuagana mfundishe upya, kidogo kidogo, na usidanganye hata mara moja. Hajui saa lakini adhana anaijua, akiwa karibu na msikiti na masikio yakiruhusu. La sivyo tumia kivuli cha ukuta au mshale wa saa uutie alama. "Naenda dukani, narudi kabla ya adhana ya alasiri." Rudi kabla. Anza na dakika tano. Usiondoke kwa kunyemelea. Mwachie leso yako uliyoivaa, ile isiyofuliwa, yenye harufu yako, alale nayo. Mchana mwingine pandeni tuktuk mpite barabara ya ile hospitali, msiingie. Shukeni mbele, mnunulie dafu, mrudi. Wiki ijayo mkaribie lango kidogo. Hatua moja moja, na yeye ndiye wa kusema "basi kwa leo".

Dawa ya deki badilisha. Ni jambo dogo, na kwa nini umtapishe bure?

Kukojoa: tandika karatasi ya plastiki chini ya shuka, mwamshe kabla hujalala wewe, asubuhi msaidiane kutoa shuka bila maneno, na majirani wasijue. Kipimo cha mkojo pia afanyiwe, kwa maana maambukizi ya mkojo na sukari huleta jambo hilo hilo, na kipimo ni rahisi. Akipata hofu usiku usimhoji. Mshike, mwambie yuko wapi: "Uko nyumbani, Bakarani, mimi niko hapa, mkono wako uko huru."

Baba yake mpigie simu kabla hajafika, usingoje akiwa amechoka mlangoni. Mwambie kuhusu masikio kwanza, maana mwanamume anayesema fimbo mara nyingi hubadilika akisikia kuna kiungo kimeumia. Mwulize swali hili: lori likigoma kuwaka, hulipiga au huangalia betri? Na mpe kazi. Mtoto huyu amezungukwa na wanawake wenye wasiwasi. Akirudi baba amchukue waende hata kutazama meli zikiingia bandarini pale Mama Ngina, wawili peke yao, bila kuzungumzia ugonjwa.

Mavyaa wako namheshimu. Wazee wetu waliliita degedege nyuni, yaani ndege, kwa kuamini kwamba ni pepo wa ndege aliyemshika mtoto, na hawakuwa na njia ya kulitibu zaidi ya kumpunga. Kumsomea Qur'ani mjukuu wake, kumpangusa uso, kumkumbatia usiku, hayo nayataka, na ningependa yeye ndiye ayafanye, si mtu wa ng'ambo ya Likoni. Nisichokubali ni chale, fukizo la kumfungia ndani ya moshi, kumshika kwa nguvu apungwe, au kumwachisha dawa na kliniki. Mtoto huyu ameshikwa na watu wanne usiku, akatobolewa. Ukimpeleka mahali ashikwe tena na atobolewe tena, hata kwa nia njema, unamthibitishia kwamba alichokihofu ni kweli. Mwambie mavyaa hivyo, kwa adabu, na umwambie mkiwa peke yenu.

Shule nenda mwenyewe. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, amwangalie usoni anapozungumza naye, amruhusu kwenda msalani bila kuuliza, na awaambie wenzake wazi kwamba aliyemaliza matibabu ya ugonjwa huu hamwambukizi mtu. Ustadhi naye vivyo hivyo. Yule wa "kichwa maji", zungumza na mama yake, mnafahamiana. Mtafutie rafiki mmoja tu, aje nyumbani, wale bajia pamoja. Mmoja anatosha kuanzia.

Ukiuliza ni lini umpeleke kwa mtaalamu wa akili, nitakwambia ni sasa, sambamba na masikio. Woga wa wiki mbili tatu baada ya kutoka wodini hupoa wenyewe kwa watoto wengi. Wako umepita miezi mitatu na umemnyima usingizi, marafiki na masomo. Kwenye kliniki ya watoto omba aonwe na mwanasaikolojia au mshauri wa watoto. Hospitali ya Port Reitz pia ina kitengo cha afya ya akili. Usiogope jina, anayeingia pale hatoki na chapa usoni. Tiba yake kwa umri huu ni mazungumzo na michezo: mtoto anafundishwa kutuliza mwili, kisha anasimulia kilichompata taratibu hadi kisimtishe tena, na mzazi anaingizwa ndani ya tiba. Isikudanganye fikra kwamba ni mambo ya wenye pesa au ya wazungu. Utafiti uliochapishwa 2020 uliwahusu watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, huku Bungoma na kule Moshi, Tanzania, na waliowahudumia hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Bungoma, hofu za watoto hao zilizotokana na msiba zilipungua kuliko za wale waliopewa huduma za kawaida.

Ukikwama usiku na huna wa kumuuliza, namba 116 ya Childline ni ya bure, na 1199 ya Msalaba Mwekundu pia. Na akisema wakati wowote kwamba anataka kufa, au heri angekufa, usimkemee wala usisubiri asubuhi.

Umeandika silali, umeandika nilienda kulia jikoni. Nawe uliona mtoto wako akitikisika mikononi mwako ndani ya tuktuk saa nane za usiku. Huo mwili wako haujasahau. Ukifika kwa mshauri usimzungumzie mtoto tu. Viazi viache siku mbili kwa wiki kama mfuko unaruhusu, wifi yako akae na mdogo, nawe ulale mchana. Ile sauti ya WhatsApp ifute.

Asubuhi ya kliniki, kabla hamjatoka, piga simu au uwaulize mapokezi kipimo kinafanywaje. Kwa kawaida mtoto huvalishwa vitu vya masikioni, akisikia mlio anainua mkono au anatia kete ndani ya bakuli, hakuna sindano. Lakini uliza kwanza, usimuahidi kwa neno langu. Wakikuhakikishia, chuchumaa mbele yake, akuone mdomo, umwambie: "Leo tunaenda hospitali. Hapana sindano. Nimeuliza. Nitakuwa nimekushika mkono mwanzo hadi mwisho." Kisha iwe hivyo.

Niandikie majibu ya masikio yakitoka. Nitakuwa nangojea.